Identity: Daktari Aliyeongea Kabla ya Wakati

Mwanzo wa Identity, filamu ya James Mangold ya mwaka 2003, ni somo tosha kwa yeyote anayetaka kutunga hadithi ya kutisha. Mwanamke aitwaye Paris anaendesha gari la wazi katika jangwa la Nevada. Sanduku linafunguka, nguo zinapeperuka, kiatu cha kisigino kirefu kinabaki barabarani. Kiatu hicho kinatoboa tairi la familia ya York. Baba akiwa analibadilisha, limuzini inayoendeshwa na Ed (John Cusack) inamgonga mkewe. Mangold hatusimulii kwa mpangilio huo. Anatuonyesha kwanza majeruhi akiingizwa motelini, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kiatu. Mtazamaji anajengewa imani kwamba humu hakuna kinachotokea bila sababu.

Imani hiyo ndiyo inayokuja kusalitiwa. Itabidi nitaje siri ya filamu, maana tatizo liko hapo hapo.

Mvua imefunga barabara, simu zimekatika, na wasafiri wanaanza kuuawa. Kichwa cha Caroline, mmoja wa wasafiri hao, kinakutwa kwenye mashine ya kukaushia nguo, pamoja na ufunguo wa chumba namba 10. Maiti ya pili ina namba 9, ya tatu 8. Mbinu safi kabisa: ufunguo mmoja unatuambia kwamba kuna mtu anayehesabu, na kwamba hesabu haijaisha. Lakini George York, yule baba wa familia, anagongwa na gari mbele ya wenzake, kwa ajali tupu, na bado mwilini mwake unapatikana ufunguo namba 7. Nani angeweza kupanga hilo? Hakuna. Mwandishi Michael Cooney amevunja kanuni yake mwenyewe, na kuanzia hapo anahitaji udhuru.

Udhuru unaletwa na Dakta Malick (Alfred Molina): wasafiri wote ni nafsi zilizomo ndani ya Malcolm Rivers, mfungwa anayesubiri kutekelezewa hukumu ya kifo. Moteli haipo. Wazo lenyewe silipingi, lina ujasiri. Ninachopinga ni mahali lilipowekwa. Filamu ni ya dakika 90 tu, na daktari anatoa maelezo wakati bado kuna watu wa kufa. Ed, mojawapo ya nafsi hizo, anarudishwa na daktari motelini akambane muuaji, risasi zinapigwa, damu inamwagika, nami nimekaa natazama bila hofu. Nimeshaambiwa kuwa hao si watu.

Alfred Hitchcock naye alimpa daktari nafasi ya kueleza katika Psycho, mwaka 1960. Wengi huiona hotuba ile ndefu mno. Lakini muuaji, Norman Bates, alikuwa ameshakamatwa, kwa hiyo maelezo hayakumpunguzia Marion wala mpelelezi Arbogast uzito wa kifo chake. Tuliogopa kwanza, tukaelezwa baadaye.

Mangold amegeuza mpangilio huo, ndiyo maana pigo lake la mwisho linapwaya. Paris anafukua ufunguo namba 1 katika shamba la michungwa Florida, na Timmy, mtoto wa familia ya York, anajitokeza kuwa ndiye muuaji. Picha za haraka zinatuonyesha alivyoua, yakiwemo mambo yasiyowezekana kwa mtoto wa umri ule. Zamani ningedai maelezo. Sasa jibu ninalo tayari, na linafaa kwa swali lolote lile.