Kusafisha Maganda ya Risasi: Mashine ya Mtetemo au ya Pipa

Ganda la risasi hutengenezwa kwa brasi, aloi yenye takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuziba chumba cha bunduki, kisha hunywea. Ndiyo maana ganda moja huweza kujazwa mara kadhaa. Nchini Marekani, ambako wengi hujaza risasi nyumbani, kusafisha maganda matupu ni miongoni mwa hatua za kwanza. Mng'aro si lengo kuu. Mchanga ulioshikamana na ganda huikwaruza kalibu inayolirudishia umbo lake, na masizi huficha nyufa, hasa mstari mwembamba juu ya kitako unaoonya kwamba ganda linakaribia kukatika.

Mashine ya mtetemo ni bakuli lililokaa juu ya mota. Ndani hutiwa magunzi ya mahindi au maganda ya jozi yaliyosagwa. Jozi hukwangua zaidi, magunzi hung'arisha. Saa chache hutosha, na maganda hutoka makavu. Fataki iliyotumika, yaani kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, huachwa mahali pake hadi usafishaji uishe, kwa kuwa punje za magunzi au jozi huweza kuziba tundu la kupitishia moto. Kasoro ya mashine hii ni kwamba sehemu inamokaa fataki hubaki chafu.

Mashine ya pipa huzungusha maganda ndani ya maji, sabuni ya vyombo, asidi ya sitriki kidogo na pini za chuma kisichoshika kutu. Hapa fataki hutolewa kwanza, ili pini ziingie hadi kwenye sehemu inamokaa. Anayenunua asidanganywe na uzito ulioandikwa kwenye pipa. Pipa la ratili 15, karibu kilo 7, kwa kawaida hubeba takriban lita 3.8 za maji, kilo 2.3 za pini na maganda yasiyozidi kilo moja. Baadaye pini hutenganishwa kwa chekeche na sumaku, maganda yakasuuzwa na kukaushwa. Yakizungushwa kupita kiasi, midomo yake hugongana na kupondeka. Yakikaushwa kwa moto mkali, kitako hulainika na kushindwa kuhimili shinikizo.

Afya nayo ina uzito katika uchaguzi. Fataki nyingi huacha mabaki ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mashine kavu huyageuza vumbi, kwa hiyo hufunikwa na kuwekwa penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na watoto. Maji hulizuia vumbi hilo, lakini yenyewe huchafuka. Glavu huvaliwa katika njia zote mbili.

Dawa yoyote ya kung'arisha yenye amonia iepukwe. Jeshi la Uingereza nchini India liliwahi kuona maganda yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka msimu wa mvua. Mwaka 1921 ilielezwa kwamba amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi ilishambulia brasi iliyokuwa na mkazo ndani yake.

Kwa anayeanza na maganda machache ya bastola, akiwa na banda lenye hewa, mashine ya mtetemo ni nafuu na inatosha. Mwenye kuokota maganda yaliyojaa matope, au anayetaka sehemu inamokaa fataki iwe safi kabisa, atafaidika zaidi na pipa, mradi awe tayari kwa kazi ya kukausha.