Vichanja vya Rumonge

Kukicha, katamarani zinarudi mwaloni Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Zimekesha ziwani, mitumbwi imeunganishwa kwa miti, taa zikiwaka juu ya maji na wavu ukining'inia chini. Ndagala, dagaa wa ziwa hili, huifuata taa, nao wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa hukosa nguvu. Samaki wakishashushwa, kazi huhamia mikononi mwa wanawake wa vichanjani. Hao ndio niliokuja kuwatazama.

Mama niliyekaa karibu naye hana papara. Beseni likitua, anapitisha mkono hadi chini kabisa, maana wa juu huwa wazuri siku zote. Anatoa mmoja, anamtazama jicho, anambonyeza tumbo. Likipasuka chini ya kidole, bei inashuka hapo hapo. Anasuuza, anachagua. Mikeke wadogo walioingia wavuni wakiwafukuza ndagala anawatenga: nyama yao ni nene, watachelewa kukauka.

Kichanja chake ni miguu ya miti yenye wavu wa waya juu, kimo cha kiuno. Wengine bado huanika mchangani. Kichanjani upepo hupita juu na chini, na mlaji hatafuni mchanga. Anachota konzi na kuirusha kwa mkupuo mmoja wa kiganja, kama mkulima apandaye ulezi, nao ndagala wanatua wametawanyika. Kisha anainama, na kwa ncha za vidole anawaachanisha waliopandana. Wawili wakigusana, unyevu hubaki katikati yao, na uozo huanzia hapo. Anapofika mwisho wa kichanja, waya wote umefunikwa kwa fedha nyembamba, na hakuna aliyelala juu ya mwenziwe. Sijaona meza ya karamu iliyopangwa kwa uangalifu zaidi.

Kugeuza ndiko kugumu. Ukiwahi, ngozi inagandia waya na kuchunika. Ukichelewa, upande wa chini unaanza kunuka. Anagusa wa pembeni, anaondoka, anarudi, anagusa tena. Macho yake yako kwenye milima ya mashariki, na turubai liko karibu na miguu yake.

Kwa uvumilivu huo nilimkumbuka Edward Pembroke, aliyewahi kufundisha wanyama wa sarakasi. Mwaka 1940 alianza kuwazoeza bata wa hoteli ya Peabody, mjini Memphis, Marekani, kutembea kila siku hadi kwenye chemchemi ya ukumbini, na kazi hiyo aliifanya hadi 1991. Wageni bado husafiri mbali kuwatazama bata hao wakipita juu ya zulia jekundu. Kichanja hiki nacho kinastahili safari.

Jioni anavunja mmoja kutoka kila pembe. Aliyekauka hukatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji. Anawapepeta kwenye ungo, magamba na vumbi vinaruka, kisha anajaza gunia bila kushindilia, wasije wakavunjika.

Mchuuzi wa Bujumbura anataka wote, gari linamngoja.

"Hawa wa mwisho bado, mwanangu," anamwambia, akiwafunika. "Utawakuta kesho."

Mchuuzi anabembeleza, anaongeza bei. Mama anashona mdomo wa gunia lililo tayari na kumsukumia.