Nyanda Nne

Mwezi uliopita nilitumiwa video ya banda moja jipya la pwani ya mashariki ya Unguja, na watu watano tofauti, kila mmoja akinihimiza nikaone kazi. Mmoja aliandika kwamba ufundi wa wazee umerudi. Nikaenda. Nikaagiza dafu, nikakaa chini ya paa lile, nikainua macho, na moyo ukaniuma. Paa lile halimalizi kusi mbili, na waliolisifu ni watu wazima, wengine wao wamezaliwa ndani ya nyumba za makuti.

Kilichosifiwa ni upenu. Umekatwa kwa mkasi, umenyooka kama ukingo wa meza, na unene wake unafika shibiri. Mtu akiuona huamini kwamba paa zima liko hivyo. Sivyo. Unene ule hupatikana kwa kurundika safu sita au saba pale chini, zikabanana, kisha fundi akaanza kupanda huku akitawanya. Mimi paa lenye upenu uliokatwa silitaki, hata liwe zuri kwingine kote. Ncha za majani ndizo zinazodondosha maji mbali na nguzo. Ukizikata, maji yanarudi ndani kwa kufuata kijiti ambacho majani yameshonewa. Upenu uachwe na nywele zake.

Nguzo nazipita haraka, maana hapo mnunuzi haibiwi sana. Ziwe za mkoko au mkandaa, zimeambuliwa ganda, zimekaa juu ya jiwe au zege wala hazikuzikwa kwenye mchanga mtupu. Boriti za mkoko za Rufiji na Lamu zilivuka bahari kwa majahazi mpaka Ghuba, na vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na huku kwetu mikoko inalindwa, kwa hiyo fundi mwema anaweza kuikosa. Akitumia mvinje sina neno, ila aseme ni mvinje. Nimeona mvinje uliopakwa oili chafu ya gari ukauzwa kwa bei ya mkoko, na mwaka wa pili unga wa dumuzi ukawa unamwagika mezani kwenye sahani za watu.

Sasa paa lenyewe. Usilitazame kwa nje. Ingia ndani, simama chini ya mteremko unaoelekea kusi, inua shibiri yako uilaze juu ya vijiti vya makuti, na uhesabu. Kati ya kijiti na kijiti pawe na nyanda nne, yaani upana wa vidole vinne. Dhiraa moja, yaani shibiri mbili, ikusanye vijiti sita. Ukipata vinne, umepunjwa. Ukipata vitatu, umelipia makuti mawili ukapewa moja.

Watu hawahesabu. Aliyefunzwa kidogo hutafuta mwanga: hukaa chini ya paa saa saba za mchana akitazama kama kuna nyota, asipoziona akaridhika. Hilo halitoshi kwa paa jipya. Kuti hushonwa likiwa limelowekwa, jani lake ni pana na laini, na hata likitawanywa vibaya hufunika. Jua la kaskazi likilipiga miezi miwili mitatu, jani hukauka na kujikunja, ndipo nyota zinapotoka, na wakati huo fundi ameshalipwa na yuko kijiji kingine. Vijiti havijikunji. Siku ya kwanza na mwaka wa saba utavikuta palepale vilipofungwa.

Tazama inavyofanya kazi. Jani la kuti huning'inia kiasi cha sentimita 70. Nyanda nne ni kama sentimita 8. Basi mahali popote utakapochoma sindano, itapita katika matabaka manane hivi kabla ya kutokea ndani. Mvua ya masika hulowesha mawili matatu ya juu, yaliyobaki hukaa makavu. La juu likioza na kupukutika, la chini yake linashika zamu. Ukiongeza mwanya ukawa nyanda nane, umebaki na matabaka manne, na mvua inalowesha karibu yote, kwa hiyo yanaoza pamoja. Ndiyo maana paa la mwanya mara mbili haliishi nusu ya umri wa lile jema. Huishi robo.

Na hapo ndipo wizi unapolipa. Chukua mteremko wa mita 5 kwenda juu na mita 10 kwa upana, na kuti la mita moja hivi. Kwa nyanda nne unahitaji karibu makuti 700. Kwa nyanda nane yanatosha 350. Namjua fundi aliyelipwa makuti ya banda moja akaezekea mabanda mawili, la pili likiwa la mteja mwingine aliyelipa naye kamili. Mwingine alikuwa akiezua mapaa ya zamani, anachagua makuti yasiyovunjika sana, anayaingiza katika safu za juu karibu na kilele ambako jicho halifiki. Huyo hujulikana kwa rangi: ndani ya paa jipya vijiti viwe na rangi moja. Ukiona vya kijivu vimechanganyika na vya kahawia, mteremshe huyo mtu kwenye ngazi.

Nilijifunza kuhesabu kwa mzee mmoja wa Makunduchi aliyeezeka jiko la bibi yangu. Nilikuwa na miaka minane. Aliniketisha chini, juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye akiwa amekaa kwenye makombamoyo na kamba ya usumba mdomoni. Kila alipolaza kuti alipachika vidole vinne vya mkono wa kushoto kati ya kijiti kipya na cha chini yake, akavuta, akafunga. Hakutumia uzi wala ufito wa kupimia. Kazi yangu ilikuwa kusema alipokosea. "Hesabu, mwanangu, usinitazame mimi, tazama vijiti." Jioni nikamwambia kwa woga kwamba safu moja imeachana. Akashuka, akatazama, akapanda tena, akafungua safu tatu nzima ili kuirudisha moja. Mwanafunzi wake alikuwa na mkono mkubwa wa kuvutia nyavu. Huyo aliamriwa atumie vidole vitatu na nusu, na kweli alikunja kile cha mwisho.

Kamba nayo itazame. Usumba wa mwambao wa Paje na Jambiani hutoka kwa akina mama wanaozika makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani, maji yakipwa na kujaa juu yake kwa miezi, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa kigongo na kusokota nyuzi kwa viganja. Kamba iliyokulia baharini haiogopi chumvi. Msumari unaiogopa: hapa upepo una chumvi, msumari wa kawaida huvuja kutu ndani ya mti na kuulegeza palepale unapotakiwa kushika. Waya nao hukata. Nikiona kombamoyo limepigiliwa juu ya mwamba bila kufungwa, sitaki kuona zaidi.

Maana banda la wazi halina adui wa kulisukuma chini. Adui wake ni wa kulinyanyua. Kusi la Juni na Julai huingia chini ya paa lisilo na kuta, likakosa njia, likapanda. Upepo ulioangusha mikarafuu ya Unguja mwezi Aprili 1872 ulikuwa wa aina yake, hakuna anayeezeka kwa ajili ya huo. Paa huezekwa kwa kusi linalokuja kila mwaka. Upande wa kusi ushushwe mpaka mtu mzima ainame kuingia, upande wa pili uinuke, na pembe za juu ziachiwe tundu la kupumulia. Mteremko uwe nyuzi 45 au pungufu kidogo tu. Chini ya 40 maji hutambaa badala ya kukimbia, na kuti huota uyoga. Wenye hoteli hulaza paa ili wageni waione bahari vizuri, nami nasema kiti kishushwe.

Ua una kanuni hiyohiyo, ingawa matajiri hawataki kuisikia. Ua wa kumba, yaani makuti ya kusuka, hupitisha upepo kiasi na kuuchosha. Ukuta wa matofali haupitishi kitu, kwa hiyo kusi huuruka na kuangukia ndani likizunguka, na mchanga wake wote unatua uani kwako. Kumba lianze shibiri moja kutoka chini, mchwa wasilipande. Kuhusu sakafu za mbao zinazojengwa siku hizi mbele ya mabanda, nina machache: mvule, au mbao iliyotiwa dawa kweli, mwanya wa wanda kati ya ubao na ubao, na parafujo za chuma kisichoshika kutu. Na makuti ya plastiki yanayoletwa kwa makontena siyahukumu, kwa sababu si makuti.

Jambo moja limekwisha na sioni litakavyorudi. Paa la jiko la bibi lilikuwa jeusi kwa ndani, linang'aa kwa masizi, na hakuna mdudu aliyeweza kukaa humo. Moshi wa kuni na vifuu ulikuwa unalitibu kila siku, asubuhi na jioni. Mabanda ya leo yana feni na friji, hakuna moto chini yake, na kuti linaliwa likiwa bado na rangi yake.

Kabla hamjamlipa fundi, mwambieni atoe kuti moja katikati ya paa na kulirudisha. Aliyefunga kwa usumba hukata mafundo mawili, hulichomoa, hulirudisha, na jirani zake hawasogei. Aliyepigilia atang'oa matatu ili kulipata moja, kama hatasingizia kwanza kwamba ngazi imeazimwa. Mwaka jana nilipita Makunduchi. Jiko la bibi limeezekwa upya mara kadhaa tangu enzi zile, na safari hii alikuwa juu mjukuu wa yule mzee, akitia kiraka upande wa kusi. Nikaingia ndani bila kumwambia, nikainua shibiri. Vijiti vitatu katika shibiri moja.