Vichwa vya Habari na Uzito wa Kitenzi

Msomaji, ukishika gazeti mkononi, sehemu uisomayo kwanza ndiyo iliyoandikwa mwisho. Mwandishi wa habari huenda kortini, sokoni au bungeni, akarudi na habari yake. Mhariri msaidizi huipokea, akaipunguza, akasahihisha majina, tarehe na hesabu. Na kazi hiyo ikiisha ndipo huitafutia kichwa. Watu wengi hukisoma kichwa hicho, wasisome neno jingine chini yake. Kwa hiyo yatupasa kukipima kama tupimavyo shairi au insha, maana nacho ni utungo, tena utungo mgumu.

Katika vyuo vya uandishi wa habari mwanafunzi hufundishwa kwanza kupunguza. Hupewa habari ya maneno mia tatu airudishe ikiwa na mia moja, wala asipoteze jina la mtu wala la mahali. Kisha hufundishwa kuhesabu herufi. Zamani za herufi za risasi, herufi nyingi ndogo zilihesabiwa kuwa moja moja. I, l na t zilikuwa nusu nusu. M na w zilikuwa moja na nusu. Kiswahili kiliumia katika hesabu hiyo, kwa kuwa ngeli zetu zapenda mno m na w. Neno "mwalimu" lina herufi 7, na kipimo chake ni 7 na nusu. Neno "kiti" lina herufi 4, nalo lataka 2 na nusu tu. Ndiyo kusema mwalimu hakupata nafasi gazetini kwa urahisi kama kiti chake! Siku hizi kompyuta hupima yenyewe, walakini safu haikupanuka.

Hata hivyo mimi nashikilia kwamba ufupi si shida kubwa ya kichwa cha Kiswahili. Kitenzi chetu huweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. Fungua Taifa Leo, gazeti letu la Kiswahili tangu mwaka 1960, utaona jinsi kitenzi cha -a- kitawalavyo juu ya safu: ashinda, wafa, yateketea. Kiambishi -ni nacho huokoa nafasi, kwani "ajalini" na "kortini" hubeba mahali pasipo neno la ziada. Aliyezaliwa na lugha hii amepewa ufupi bure. Kwa sababu hiyo mwalimu wa chuo amsifuye mwanafunzi kwa ufupi peke yake amemsifu kwa mali ya urithi.

Shida iko katika maneno madogo. Tazama kichwa hiki nilichokitunga kwa ajili ya darasa: "Chifu apigwa na mkewe". Je, mke ndiye aliyempiga chifu, au wote wawili walipigwa na watu wengine? Neno "na" laweza kuwa la mtenda, laweza kuwa la kuunganisha, na wino hauna sauti ya kutusaidia. Hali kadhalika "Diwani akamatwa na wezi": ama wezi wamemteka, ama polisi wamemkuta miongoni mwao. Katika mazungumzo twajua maana kwa kutazama uso wa msemaji. Kichwa cha habari hakina uso. Mhariri mwangalifu ataandika "Mke ampiga chifu" au "Wezi wamteka diwani", naye atakuwa ameokoa nafasi pia, maana kitenzi cha kutenda aghalabu ni chepesi kuliko cha kutendwa.

Tukubali sasa kwamba kichwa ni kifupi, tena hakina utata. Je, chatosha? Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune, katika Marekani, lilitangaza juu ya ukurasa wake wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais. Wapangaji wa herufi walikuwa katika mgomo, basi gazeti likalazimika kupigwa chapa mapema kuliko desturi, kura zingali zikihesabiwa. Truman alipata kura 303 za wajumbe wa uchaguzi, na Dewey 189. Siku ya pili yake Truman alipigwa picha mjini St. Louis, ameliinua gazeti lile juu, anacheka. Kwa kanuni za chuoni kichwa kile hakina ila: kina maneno matatu, mtenda yu mbele, kitenzi kina nguvu, hakuna awezaye kukielewa vibaya. Nacho ni uongo mtupu. Mwalimu akisahihisha ufundi peke yake angalikipa alama zote.

Truman alikuwa na nafasi ya kucheka. Mtu mdogo hana. Mtu akishtakiwa kwamba ameiba karo za shule, mhariri mwenye haraka ataandika "Mwalimu aiba karo", maneno matatu. Habari yenyewe yasema kwamba ameshtakiwa, naye amekana. Kichwa cha haki ni "Mwalimu ashtakiwa kwa wizi wa karo", maneno sita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yampa kila mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Maneno matatu yale ya ziada ndiyo haki hiyo ikiwa imepigwa chapa. Mahakama ikimwachilia mwezi wa nne baadaye, habari yake yaweza kuwekwa ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo, na majirani waliosoma kichwa cha kwanza wasiione kamwe.

Jaribu nawe, msomaji. Habari yasema hivi: bweni la shule limeungua usiku, hakuna aliyeumia, polisi wamewahoji wanafunzi kadhaa, chanzo cha moto hakijajulikana. Mwanafunzi mmoja wa chuo ataandika "Wanafunzi wachoma bweni". Kina nguvu, chasomeka haraka, nacho chawahukumu watoto ambao hakuna aliyewashtaki. Wa pili ataandika "Moto shuleni". Hicho ni kweli, lakini kimelala. Hakina kitenzi, na moto wa jikoni ungaliweza kukivaa pia. Wa tatu ataandika "Bweni lateketea usiku, chanzo chachunguzwa". Ni kirefu kuliko vyote, hakitoshi katika safu moja, na mpangaji wa kurasa atanung'unika. Mhariri na ampe safu mbili.