Jumba Linajua Kuliko Maonyesho Yake

Kitu bora zaidi ndani ya Nairobi Gallery ni jumba lenyewe, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Liko Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jumba la mawe ya kuchongwa lililojengwa 1913. Wengi wetu tunalipita kila siku kwa matatu tukidhani ni ofisi ya serikali. Hatujakosea sana. Palikuwa na ofisi ya mkuu wa mkoa, na ndipo vizazi, ndoa na vifo vilipoandikishwa, hadi walowezi wakalipa jina la utani: pa kuanguliwa, kuoana na kusafirishwa. Wenyewe waliona ni mzaha mtamu.

Ndani kuna ukumbi wa pembe nane chini ya kuba, na vyumba vya kando vilivyojaa mkusanyo wa Joseph Murumbi: sanamu, vitambaa, vito, fanicha, stempu. Murumbi, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache tu mwaka 1966, akaachana na siasa. Sitausema vibaya mkusanyo wake. Ukisimama mbele ya vitu hivyo unaona jicho la mtu aliyekuwa akinunua kwa mapenzi, si kwa sifa. Tena historia yake inauma. Aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini pawe kituo cha kusomea Afrika. Nyumba ikaachwa ioze, mwishowe ikabomolewa. Kwa hiyo jumba hili limewapa vitu vyake kimbilio, na ni haki yake.

Lakini mgeni akiniuliza Nairobi ilikuwaje mji, nimpeleke wapi? Hapa ataijua Afrika Magharibi kabla ya kuijua Eastleigh. Mkusanyo huu ungeweza kukaa kwenye jumba lolote zuri na usipoteze kitu. Habari za kuta hizi haziwezi kuhamishwa.

Chukua hilo suala la kuandikishwa tu. Usajili wa vizazi na vifo ulianza 1904 kwa Wazungu. Kwa Wakenya wote, nchi nzima, haukuwa lazima hadi 1971. Mwanamume Mwafrika, naye, baada ya Vita vya Kwanza alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ndani ya kikopo cha bati shingoni, yenye alama za vidole na jina la mwajiri. Yaani serikali ilitaka sana kujua unamfanyia nani kazi, lakini ulizaliwa lini, si haraka. Shosho yangu alizaliwa "wakati wa nzige", na kitambulisho chake kinasema Januari mosi, kama cha nusu ya wazee wa kijiji chetu. Niambie hiyo si historia ya jumba hili.

Weka kitabu kimoja cha usajili na kipande kimoja kwenye kabati moja la kioo, chini ya hilo kuba. Hakuna haja ya skrini wala taa za rangi. Mtoto wa shule ataelewa kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kuna wanaosema makumbusho si mahali pa kukumbushana machungu, watu wanakuja kupiga picha na kupumzika kidogo na kelele za barabara. Sawa, bustani iko, wapumzike. Ila jirani hajifichi. Nyayo House imesimama hapo hapo, ndefu, rangi ya udongo, na ndiko mkuu wa mkoa alikohamia alipoliacha jumba la mawe. Asubuhi watu wanapanga foleni ya pasipoti. Chini yao kuna seli ambamo miaka ya themanini walioshukiwa kuwa Mwakenya waliteswa, wengine wakifungiwa gizani ndani ya maji. Seli hizo zilifunguliwa watu wazione 2003, na walionusurika wamedai mara nyingi pafanywe makumbusho.

Ofisi moja, anwani mbili. Ukitoka kwenye kuba ya walowezi hadi juu ya zile seli ni mwendo wa dakika mbili tatu, na hakuna kibao kinachokuonyesha njia.