Nani Aliyeipanga Skrini ya Kwanza? Uhakiki wa Kiswahili cha Simujanja kwa Watumiaji wa Jinja na Mbale

Mjadala wa kukiendeleza Kiswahili nchini Uganda umejikita, na si bila sababu, katika katiba na darasani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, matini ambayo mkazi wa Jinja au Mbale huitazama kila mara kutwa nzima haimo kitabuni. Ni skrini ya kwanza ya simu yake. Makala hii inaihakiki skrini hiyo kama matini, yaani kitu kilichotungwa, chenye mpangilio unaompendelea msomaji fulani na kumsahau mwingine.

Wabunifu wamegawanyika tangu mwanzo: programu zote zikae mbele, au chache ziwe mbele na zilizosalia zifichwe katika orodha? iPhone ya mwaka 2007 ilishika njia ya kwanza, na hadi 2020 ndipo ilipoongezewa maktaba ya programu. Simu nyingi zinazouzwa katika miji hii miwili ni za Android, ambazo aghalabu huficha orodha ya kialfabeti nyuma ya skrini. Kwetu sisi, basi, suala ni alfabeti.

Alfabeti huonekana kama mpangilio usio na upande. Kwa lugha za Kibantu sivyo. Ngeli ya KI-VI ndiyo inayobeba majina mengi ya vifaa: kikokotoo, kinasa sauti, kivinjari, kidhibiti. Ukiongeza kamera na kalenda, herufi K inafurika ilhali nyingine zimebaki tupu. WhatsApp, YouTube na TikTok hazitafsiriwi, hivyo orodha moja huwa na mantiki mbili. Mwalimu wa Mbale akibadili lugha ya simu yake kutoka Kiingereza, nembo alizoziweka skrini ya kwanza hubaki mahali pake, ila orodha yote hujipanga upya na mazoea ya vidole vyake hupotea. Akirudi kwenye Kiingereza baada ya siku mbili, tusimwite mtu asiyeipenda lugha. Tafsiri nazo hazimsaidii: Android imetumia “anwani” kwa watu tunaowasiliana nao, neno ambalo mwanafunzi amelijua juu ya bahasha.

Kwa Lusoga hali ingekuwa mbaya zaidi. Nomino zake nyingi huanza kwa irabu tangulizi, kama katika omuntu, abantu, ekintu, kwa hiyo orodha nzima ingerundikana chini ya A, E na O. Wanakamusi wamekwisha kulijadili tatizo hili kwa miongo mingi (tuorodheshe kwa kiambishi au kwa shina?), lakini inaonekana hakuna aliyewaita mezani simu ilipopangwa.

Kasoro ya pili ni ya fedha. MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, na hadi leo mlango wake unaojulikana ni *165#. Wa Airtel ni *185#. Programu zao zipo, ila huhitaji simujanja, ilhali namba hizo hufanya kazi hata kwenye simu ya vitufe. Matokeo yake, shughuli nzito kuliko zote za mchuuzi wa Soko Kuu la Jinja haina nembo ya kudumu: imejificha ndani ya kitufe cha kupigia simu. Mbele yake, badala yake, ipo folda yenye jina la kampuni, “Google”, iliyopangwa kwa kigezo cha mmiliki, si cha kazi. Kwamba hili ni suala la sheria na si la urembo, Ulaya imeonyesha: Julai 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, sehemu yake ikihusu masharti ya kupachika programu zake kwenye simu za Android.

Sipendekezi orodha ipangwe kwa shina. Mtumiaji wa kawaida hatafuti shina. Mpangilio ufuate matumizi na mahali, pesa ipewe nembo kwa chaguo-msingi, na kubadili lugha kusivuruge nafasi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuyapeleka haya kwa watengenezaji kwa niaba ya nchi wanachama. Ombi la kwanza liwe dogo: kisanduku cha kutafutia kimpe mtumiaji programu ileile, awe ameandika jina lake la Kiingereza au la Kiswahili.