Juu ya Mabweta ya Buguruni

Huko Buguruni, Dar es Salaam, wako watu ambao jioni, kazi ya mshahara ikiisha, hukereza mbao na kuunda mabweta kwa kujifurahisha. Twawasifu, lakini si kila bweta tulilolitazama lilitupendeza. Wengi hutumia mbao mbichi. Zikikauka hupindika, na kifuniko hakifungi tena. Kisha aibu hiyo husitiriwa kwa vanishi na misumari ya shaba, eti kuiga makasha ya Unguja, ambayo shaba iliyapamba, haikuyaficha. Hasara huzidi mbao ikiwa ya mpingo, mti ukuao zaidi ya miaka 50 kabla ya kufaa. Afadhali mninga mkavu, usiopindika upesi. Tuliona kibweta kimoja cha mninga, cha mviringo, hakina shaba wala rangi: kifuniko ukikiachilia chashuka polepole, hewa ya ndani ikitoka kidogo kidogo.